Usizidishe kwa Saba

Kuna mchana mmoja, mwanangu, ambao kila nikiukumbuka viganja hunitoka jasho, ingawa miaka imepita mingi na wengi waliokuwamo ndani yake tumeshawazika. Nisingekusimulia leo kama si ile picha uliyoituma juzi kwenye kundi la familia, ile yenye namba 142857 iliyozungushiwa maua, na maneno yanayosema kwamba mgonjwa akiiandika kiganjani na kuiamini, atapona. Najua hukuwa na nia mbaya. Shangazi yako anaumwa, nawe unampenda, na mfa maji haachi kutapatapa. Lakini nilipoiona niliiweka simu mezani, nikaenda kusimama dirishani peke yangu. Ile namba naifahamu. Iliwahi kuingia nyumbani kwetu, na nusura itoke na mama yangu.

Wakati huo ndiyo kwanza nimemaliza kidato cha sita, nasubiri matokeo. Tulikuwa tukikaa Mchafukoge, ghorofa ya pili ya nyumba kuukuu yenye ngazi za mbao, mimi na mama tu, maana baba alishatangulia. Mama alikuwa akiuza kunde, choroko na mbaazi kavu Kariakoo, kule chini sokoni tunakokuita shimoni. Alikuwa mwanamke mpole, mcheshi, mwenye mkono mwepesi wa kupima. Alikuwa pia na maradhi ya sukari. Asubuhi na jioni alijidunga sindano, na dawa zake tulizihifadhi kwenye friji ya jirani wetu wa chini, Mama Neema, mwanamke wa Kilimanjaro aliyekuwa na duka la sare za shule.

Siku moja nikiwa napita, Mama Neema akaniita. Nikamwamkia, akaitikia, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini kama mama amenunua friji yake.

"Hapana," nikamwambia. "Kwa nini?"

"Maana zile chupa ziko pale pale, mwanangu. Hajaja kuchukua. Nikadhani labda mmepata pengine pa kuziweka."

Nilipanda ngazi mbio. Mama alikuwa amekaa mkekani, miguu ameinyoosha, anakunywa maji. Nikakumbuka kwamba siku zile alikuwa anakunywa maji kila mara, na kwamba nilikuwa nimeliona hilo bila ya kulitazama. Ndivyo tulivyo, mwanangu. Kilicho karibu na macho mara nyingi ndicho tusichokiona.

Nilipomuuliza hakuficha. Alitabasamu, akafungua fundo la kanga yake, akanionyesha kipande cha karatasi ngumu chenye namba ile. Akanieleza kwamba amepata tiba isiyochoma. Alipatiwa na mtu anayeitwa Mtaalamu, aliyekuwa akikutana na watu baada ya alasiri kwenye chumba cha juu cha jengo moja jirani na soko.

Sasa nikwambie habari za Mtaalamu, maana nisipokwambia vizuri utamdhania tapeli wa kawaida. Alikuwa mtu wa makamo, msafi, mwenye sauti ya kubembeleza. Zamani alifanya kazi bandarini, akihesabu mizigo inayoshuka melini. Hakutoza watu chochote. Hakuuza zile karatasi wala hakuomba sadaka, na hilo ndilo lililowafunga watu zaidi, kwa sababu sote tumefundishwa kumwogopa anayetaka chetu. Asiyetaka chetu tunamfungulia mlango. Hakuwa mwizi, mwanangu. Laiti angekuwa mwizi, kazi yangu ingekuwa nyepesi.

Siku iliyofuata nilikwenda mkutanoni. Nilikwenda pamoja na mama, na dada yake mkubwa, Mamkubwa Hadija, akatufuata kwa sababu alishaona uso wangu na hakuupenda. Chumba kilikuwa kimejaa watu wazima tu, wengi wao wagonjwa: mwenye miguu iliyovimba, mwenye kikohozi, mama mmoja aliyempakata binti yake mkubwa asiyejiweza. Mbele palikuwa na ubao mweusi. Mtaalamu aliandika 142857, akawaomba waliokuja na vikokotoo wamsaidie.

Akasema zidisheni kwa mbili. Ikaja 285714. Zidisheni kwa tatu. Ikaja 428571. Kwa nne, 571428. Kwa tano, 714285. Kwa sita, 857142. Kila mara tarakimu zilikuwa zile zile sita, zimeshikana kwa mpangilio ule ule, ila zimeanzia mahali pengine, kama watu waliokaa duara wakahama kiti kimoja kimoja bila ya kupishana. Watu wakaguna. Hata mimi, nisikufiche, nilisisimka. Ni namba nzuri. Asiyeuona uzuri wake hana macho.

"Mnaona?" Mtaalamu akasema polepole. "Inapigwa, haivunjiki. Inajirudia yenyewe. Basi na mwili wako ni hivyo hivyo. Ukiacha kuutia vitu vya nje, utajirudia kama ulivyoumbwa."

Kisha akainua kidole. Akasema jambo moja tu limekatazwa. Usizidishe kwa saba. Mwalimu wake alimkanya, na mwalimu wa mwalimu wake alikanywa. Saba ni mlango, na ukiufungua, kinga yako inatoka yote. Nikamwona mama anatikisa kichwa kwa kuafiki, mkono ameukaza kwenye fundo la kanga yake.

Mimi nilikuwa nimetoka kwenye hesabu za kidato cha sita, mwanangu, na damu ilikuwa inachemka. Nikachukua kalamu, nikazidisha kiganjani pangu. Saba mara saba, arobaini na tisa, tisa naandika, nne nashika. Saba mara tano, na nne, thelathini na tisa. Tisa tena. Nikaendelea hadi mwisho, na kwenye kiganja changu zikawa zimepangana tisa sita: 999999. Duara limevunjika. Na hapo hapo nikakumbuka nilipowahi kuiona namba ile: darasani, tulipogawanya moja kwa saba, desimali zikakataa kwisha.

Nikasimama. Mdomo ulikuwa umeshafunguka. Nilitaka kumpeleka mtu yule ubaoni, nimfedheheshe mpaka asijue pa kutokea. Ghafla nikahisi mkono wangu umeshikwa. Alikuwa Mamkubwa Hadija. Alinivuta kupitia katikati ya watu, tukashuka ngazi hadi nje kwenye kelele za makuli na wauza mitumba, na huko ndiko aliponigeukia.

"Ulitaka kufanya nini?"

Nikamwonyesha kiganja. Nikamweleza yote. Nikamwambia mama anajiua, na yule mtu ndiye anayemsaidia kujiua.

Alinisikiliza mpaka nikamaliza. Mamkubwa hakujua hesabu za namna ile na hakujifanya anazijua. Lakini mdogo wake alimjua tangu alipomfundisha kutembea.

"Ukimuumbua yule mtu pale," akasema, "umemuumbua na mama yako, mbele ya watu waliomwona anaamini. Unadhani atakimbilia kwako? Atamkimbilia yeye, maana aibu yao itakuwa moja. Na mtu aliyeaibishwa hasikii, Siwema. Anahesabu tu waliokuwa wakimtazama."

Nikamjibu kwa hasira kwamba basi tungoje mpaka afe. Nikamwambia ngojangoja huumiza matumbo.

"Sijasema ungoje. Nimesema usimpige. Kesho akishakula chakula cha mchana, mwonyeshe. Wewe na yeye, mlango umefungwa. Na usimwambie amekosea. Mpe mwenyewe afanye."

Mwanangu, ule usiku na ile asubuhi yake sitaki kukusimulia. Nilikuwa nasikiliza pumzi ya mama tu. Harufu ya pumzi ile ilikuwa imebadilika, ikawa tamu kama matunda yaliyoiva kupita kiasi. Alfajiri nikaona pia kidonda kwenye dole gumba la mguu wa kulia, kimekuwa cheusi pembeni. Alikuwa amekifunga kitambaa ili nisikione. Nikataka kupiga kelele, niwaite majirani, wambebe kwa nguvu. Nilipomgusia hospitali alikasirika kama nisivyowahi kumwona, akaniambia kaka yake, mjomba wangu Hamidu, alikufa huku akichomwa sindano kila siku, na yeye hatakufa ametobolewa kama chungio. Hapo ndipo nilipojua woga wake ulipoanzia. Namba ile ilimkuta ameshaogopa. Ilimpa tu mahali pa kukimbilia.

Mchana ulipofika hakula ila vijiko viwili. Nikaleta visahani saba vya vikombe vya kahawa, nikavipanga mkekani. Nikaleta bakuli la kunde. Mamkubwa alikaa mlangoni, mgongo ameuegemeza kwenye mlango, kama mlinzi.

Nikamwambia mama nina fumbo, naomba anisaidie. Una mkate mmoja na wageni saba. Utawagawiaje sawasawa?

Mama aliviangalia visahani. "Saba?"

"Ni wageni, mama. Hatuzidishi kitu."

Alinitazama. Nikadhani atasimama aondoke. Lakini mama alikuwa mtu wa kugawa tangu utotoni, na mgawaji akiona vyombo vitupu mkono humwasha. Akasema mkate mmoja hautoshi, lazima ukatwe. Nikamwambia aukate vipande kumi, kila kunde iwe kipande. Akahesabu kunde kumi, akatia moja moja kwenye visahani. Kila mgeni kapata kipande kimoja, zikabaki kunde tatu.

"Vilivyobaki vikate tena," nikamwambia, "kila kimoja vipande kumi." Zile tatu zikawa thelathini. Akagawa. Kila mgeni kapata nne, zikabaki mbili. Mbili zikawa ishirini, kila mgeni mbili, zikabaki sita. Kunde zilikuwa zikimponyoka, lakini hakutaka nimsaidie. Sita zikawa sitini, kila mgeni nane, zikabaki nne. Nne zikawa arobaini, kila mgeni tano, zikabaki tano. Tano zikawa hamsini, kila mgeni saba.

Akasita. Mkekani mbele yake ilikuwa imebaki kunde moja.

"Tumerudi tulipoanza," akasema.

Nilikuwa nimeandika sehemu ya kila mgeni jinsi alivyokuwa akigawa: moja, nne, mbili, nane, tano, saba. Sikuisoma. Nilimsogezea tu karatasi. Macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu, kwa hiyo aliiinua karibu na uso. Nilikuwa nasikia honi za malori kule barabarani na pumzi yake nzito.

Kisha, mwanangu, akafanya jambo ambalo sikulitegemea. Alichukua kunde tatu badala ya moja, akaanza kugawa upya bila ya kuambiwa. Zikatoka nne, mbili, nane, tano, saba, moja. Akachukua mbili, akagawa. Zikatoka mbili, nane, tano, saba, moja, nne. Alikuwa anaitafuta namba yake, anaangalia inaanzia wapi, kwa nini inazunguka. Na alipoiona, mabega yake yalishuka.

"Kumbe ni masazo," akasema. "Inazunguka kwa sababu masazo yanajirudia. Haijui kama mimi naumwa."

"Haijui, mama."

"Na saba?"

"Saba ni kuzirudisha sehemu za wageni wote saba mahali pamoja. Zinakuja tisa tupu, maana mkate unakaribia kurudi mzima. Basi. Hakuna mlango."

Akazikusanya kunde bakulini. Ndipo Mamkubwa aliposema pale mlangoni neno lake moja la siku ile. Akamwambia kwamba Hamidu hakuuawa na sindano. Alificha kidonda miezi, akaenda kuchomwa wakati ameshaoza. "Mimi ndiye niliyemfungua kitambaa," akasema. "Nifungulie na wewe chako."

Mama alilia. Alilia kama mtoto, kisha akaunyoosha mguu wake.

Tulimshusha zile ngazi mimi na Mamkubwa, na Mama Neema akafunga duka lake na kutafuta teksi. Tulipofika hospitali alikuwa ameshaanza kusema maneno yasiyoeleweka. Daktari aliyempokea hakutugombeza, alifanya kazi yake haraka huku taya amelikaza, na baadaye akatuambia kwamba lau tungechelewa kidogo tu angekuwa anazungumza nasi mambo mengine. Mama alipona. Lakini walimkata vidole viwili vya mguu. Sitaki nikudanganye kwamba kweli ikija hukuta kila kitu mahali pake. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na sisi ukuta tuliujenga.

Nilidhani yameishia hapo. Mama alipoweza kutembea kwa fimbo, siku moja baada ya alasiri akavaa baibui lake na kuniambia nimsindikize. Hakuniambia ni wapi mpaka tulipofika chini ya lile jengo. Alipanda ngazi polepole, akipumzika, nami nyuma yake naomba Mungu asianguke.

Chumba kilikuwa kimejaa kama zamani. Watu walipomwona wakafurahi, wakampisha. Mtaalamu akamsalimia kwa heshima na kumuuliza hali. Mama akamjibu ni nzuri, kisha akamwomba chaki. Alimwomba kama unavyomwomba jirani chumvi.

Akaandika ile namba ubaoni. Chini yake akaandika saba.

Watu walishtuka, wakaguna. Mwanamume mmoja alisimama akasema mwanamke huyu atawaletea balaa, wamtoe. Wawili wakamsogelea. Nikajitia kati, na mama hakugeuka hata mara moja. Aliendelea kuzidisha kama nilivyomfundisha wodini, huku akihesabu kwa sauti ili wote wasikie. Tisa. Tisa. Tisa. Mtaalamu angeweza kumpokonya chaki. Alikuwa karibu naye hatua moja. Hakufanya hivyo. Alikuwa ameukodolea macho mkono wa mama.

Zilipotimia tisa sita, mama aliweka chaki chini. Akawageukia watu, akavua kiatu, akawaonyesha mguu wake.

"Namba haikunifanya kitu," akasema. "Haikuniponya, na leo haijaniua. Vidole hivi viliondoka wakati nikiisubiri. Mwenye dawa zake nyumbani, akazitumie."

Hakusema zaidi. Wengine walisimama palepale wakatoka, mmoja wao yule mama mwenye binti asiyejiweza. Wengine walibaki wamekaa, wamekunja nyuso, na wapo ambao hawakutusalimia tena sokoni. Mtaalamu alibaki mbele ya ubao. Tulipokuwa tunaondoka nilimsikia akijisemea, si kwetu, kwamba miaka yote ile hakuwahi kuthubutu kuizidisha. Uso wake ulikuwa umepauka. Nilikuwa nimeingia mle mara ya kwanza nikitaka kumwona ameaibika, na sasa nilipomwona sikufurahi hata kidogo. Mikutano ilikoma. Baadaye tulisikia amehamia kwa nduguze bara, na sijui mwisho wake. Namwombea kheri.

Mwanangu, mama aliishi miaka mingi baada ya hapo, na alikufa amekushika wewe magotini ukiwa mchanga. Kwa hiyo yasikilize haya kwa ajili yake kama si kwa ajili yangu.

Ukipewa jambo, kisha ukaambiwa hapa usiguse na hapa usiulize, basi pa kuuliza ni hapo hapo. Kweli haiogopi kuzidishwa. Mwenye kukukataza anaweza kuwa mwema, asiyetaka hata senti yako, na bado akawa amepotea, na aliyepotea kwa moyo safi anapoteza wengi kuliko mwongo. Usikubali wema wa mtu uwe ushahidi wa maneno yake. Vitu vizuri navyo ni hivyo hivyo. Namba ile ni nzuri, hata sasa nikiwa peke yangu huizungusha kichwani nikafurahi, lakini kizuri si lazima kiwe dawa. Kipende kwa kile kilicho.

Na utakapojua kweli ambayo mwenzako haijui, usiifanye fimbo. Mfungie mlango, mwekee mbele yake, mwache aishike mwenyewe. Ila usichelewe, kwa jina la Mungu usichelewe, maana maradhi hayangoji mtu amalize kuona haya. Mimi na Mamkubwa tulikuwa sahihi wote wawili, na wote wawili tulikosea kidogo, na vidole viwili ndivyo vilivyolipa tofauti yetu.

Sasa nenda kwa shangazi yako. Usimtumie ujumbe, nenda. Muulize kama anatumia dawa zake, na akikwambia ndiyo, tazama miguu yake. Ile picha ifute, na uwaambie jamaa kwa upole kwa nini umeifuta.

Mwenyezi Mungu akupe akili ya kuuliza na ulimi wa kubembeleza. Akupe watu wa kukushika mkono unapotaka kukosea, na akupe moyo wa kuwasikia. Wagonjwa wetu awape shifaa, waliotangulia awape makao mema, na wewe akuzeeshe ukiwa na macho yanayoona kilicho karibu. Amina.